Uzima wa Milele, Sawa. Lakini Nani Analipa Bili?

Wacha niseme msimamo wangu mapema ndio mtu asilalamike baadaye kwamba nilimzungusha. Kwa hizi riwaya za fantasia tunazosoma na kutazama, mimi ningechagua kuwa mtu wa kufa. Sitaki kuwa Mwelfi. Sitaki kuumwa shingo na vampaya. Hata hayo maji ya uzima, mnywe nyinyi.

Lakini sababu yangu si ile mnayoijua, ile ya "kifo ndicho kinachoyapa maisha maana". Hiyo kauli imenichosha. Utaikuta imeandikwa juu ya picha ya machweo, na mara nyingi anayeisambaza ni mtu mwenye afya, ameshiba, na hajawahi kumzika mtu wa karibu. Mimi nina swali lingine, na nataka tulipitishe kitabu kwa kitabu: huu uzima wa milele, bili yake analipa nani?

Kwanza tuondoe ujanja, kwa sababu vitabu vingi vinacheza rafu. Mnamkumbuka yule sungura aliyeruka, akaruka, akashindwa kuyafikia matunda, halafu akaenda zake akisema kwanza hayajaiva? Waandishi wengi wa fantasia ni sungura huyo. Wanajua hatuwezi kuupata uzima wa milele, kwa hivyo wanaupaka matope ndio tusiutamani.

Angalia. Wagiriki wa kale walisimulia habari za Tithonus. Mungu wa kike wa alfajiri alimpenda, akamwombea kwa Zeus asife, lakini akasahau kumwombea ujana. Jamaa akazeeka, akazeeka, akanyauka mpaka akabaki sauti tu, na wengine husema aligeuka nyenje. Jonathan Swift naye, kwenye Gulliver's Travels ya mwaka 1726, anatupeleka nchi ya Luggnagg ambako wapo watu wanaoitwa Struldbrugs. Huzaliwa na alama nyekundu kwenye paji la uso, na hawafi. Lakini wanazeeka kama kawaida: meno yanatoka, nywele zinaisha, kumbukumbu inapotea, na wanaendelea hivyo bila mwisho. Anne Rice, mwaka 1976, akatupa Claudia, mtoto wa miaka mitano aliyegeuzwa vampaya. Akili yake inakomaa ikawa ya mwanamke mzima, mwili unabaki wa mtoto. Hatawahi kukua.

Mnaona mchezo? Swali lilikuwa, je, kuishi milele ni bora? Wao wanajibu: kuzeeka milele ni vibaya, kukwama milele ni vibaya. Sasa nani alibisha? Ni kama kuuliza watu kama wanapenda pilau halafu unawaletea iliyoungua. Hujajibu swali, umeharibu chakula tu.

Mtu ambaye naona alicheza mchezo huu bila rafu ni Tolkien. Wengi mnamjua kwa filamu za The Lord of the Rings, lakini hebu tuongee kuhusu mtu mwenyewe kidogo, kwa sababu inahusu. J. R. R. Tolkien alizaliwa Bloemfontein mwaka 1892, mji ambao leo uko Afrika Kusini. Baba yake alifariki akiwa na miaka minne. Mama akafariki mwaka 1904, kijana akiwa na miaka 12. Mwaka 1916 akapelekwa kwenye vita vya Somme kule Ufaransa, na kufikia mwaka 1918 marafiki zake wote wa karibu walikuwa wamekufa isipokuwa mmoja. Baadaye aliandika kwenye barua kwamba, kwake yeye, kiini cha kitabu chake si vita wala madaraka, bali kifo na kutokufa. Kwa hivyo huyu jamaa akiongea juu ya kifo, haongei akiwa amekaa mbali na kaburi.

Sasa angalia Waelfi wake. Hawazeeki. Hawaugui. Ni warembo, wana nyimbo, wana wapenzi, wana wenzao. Mwelfi akiuawa vitani, au akifa kwa majonzi, roho yake huenda kwenye kumbi za Mandos na anaweza kurudishiwa mwili. Hapa hakuna pilau iliyoungua. Ni uzima wa milele uliopikwa vizuri kabisa. Halafu huyo huyo Tolkien anasema kifo ni zawadi waliyopewa binadamu na Eru Ilúvatar, Muumba, na kwamba iko siku hata wenye nguvu duniani wataionea wivu.

Mara ya kwanza nilipolisoma hilo neno "zawadi" nilifunga kitabu. Mwaka juzi tulimzika rafiki yangu wa miaka 22. Alikuwa akirudi nyumbani usiku kwa boda, wakagonga lori lililokuwa limeegeshwa barabarani bila taa. Kwenye mazishi kila aliyeshika maikrofoni alisema Mungu alimpenda zaidi. Mama yake alikuwa amekaa pale kwenye kiti cha plastiki anamwangalia kila anayeongea, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumwangalia yeye. Sasa nenda umwambie huyo mama kwamba kifo ni zawadi. Nenda tu.

Hapo ndipo napenda hadithi zetu wenyewe za Kiafrika kuliko za wazungu. Kuna hii ya kinyonga, inasimuliwa na jamii nyingi barani, Wazulu wakiwemo. Muumba alimtuma kinyonga awaambie watu kwamba hawatakufa. Kinyonga akaenda kwa mwendo wake ule wa hatua moja mbele na nusu nyuma, akasimama njiani kula. Nyuma yake akatumwa mjusi na ujumbe kwamba watu watakufa. Mjusi akafika kwanza, na neno lililotangulia ndilo likasimama. Basi. Hakuna zawadi hapo, hakuna maana ya ndani. Kifo kilikuja kwa sababu mjumbe alichelewa. Naiheshimu hadithi hiyo kwa sababu haimdanganyi aliyefiwa. Inamwambia: hii haikupaswa kuwa hivi.

Kwa hivyo tukubaliane jambo moja ndio tusonge mbele. Kufa mapema na kuwa mtu wa kufa ni vitu viwili, na watu wanavichanganya kila siku. Rafiki yangu hakuhitaji uzima wa milele. Alihitaji lori liwe na taa. Alihitaji miaka mingine 50 au 60, aoe, azeeke, asumbue wajukuu. Ukiniuliza kama kifo cha namna hiyo ni kizuri, jibu ni hapana, na hakuna riwaya itakayonibadilisha. Swali la fantasia linaanza pale ambapo umeshaishi ukatosheka, halafu mtu anakuletea kikombe anakwambia kunywa, usife kabisa. Unakunywa?

Tolkien ana jibu la swali hilo, na haliko kwa Waelfi. Liko kwa binadamu wa Númenor.

Númenor ni kisiwa ambacho binadamu walipewa kama tuzo kwa kusaidia vita dhidi ya Morgoth. Mfalme wa kwanza, Elros, alikuwa na damu ya pande zote mbili. Yeye na ndugu yake Elrond waliambiwa wachague. Elrond akachagua kuwa Mwelfi, ndio yule mnamwona kwenye filamu miaka maelfu baadaye. Elros akachagua kuwa binadamu, lakini akapewa umri mrefu, akaishi miaka 500. Watu wake pia waliishi miaka mingi kuliko binadamu wengine. Na wafalme wa mwanzo walikuwa na desturi ambayo mimi huifikiria sana: mfalme alipoona wakati wake umefika, kabla hajaishiwa na akili wala nguvu, alimpa mrithi fimbo ya ufalme, akalala, akaiachilia roho yake kwa hiari. Hakungoja kung'olewa.

Halafu akaja Tar-Atanamir. Aliishi zaidi ya miaka 400, na alikuwa mfalme wa kwanza kukataa kuondoka. Alishikilia uhai na kiti mpaka akili ikamtoka, mpaka kifo kikaja kumchukua kwa nguvu. Mwanawe akafuata mfano huo huo. Sikiliza sasa kilichofuata. Watu wa kisiwa wakaanza kujenga makaburi makubwa kuliko nyumba za walio hai. Wataalamu wao wakatafuta siri ya kurudisha uhai, wakaambulia ujuzi wa kuhifadhi maiti isioze. Wakaanza kwenda kwenye nchi maskini za pwani, ambako zamani walikwenda kama walimu, sasa wakienda kudai kodi na kuchukua watumwa.

Mwishowe Sauron akaletwa kisiwani kama mfungwa, na kwa muda mfupi akawa mshauri wa mfalme. Akajenga hekalu, na ndani yake watu wakachinjwa na kuchomwa kama sadaka ili walio hai waepushwe na kifo. Mnajua Tolkien anasema matokeo yalikuwa nini? Kifo hakikupungua. Kilizidi. Magonjwa na wazimu vikaja kwa watu waliokuwa wakifa kwa amani, na wakauana wenyewe kwa wenyewe. Mfalme wa mwisho, Ar-Pharazôn, alipozeeka akakusanya meli akaenda kuwapiga vita Valar, wale wakuu wa ulimwengu, ili anyakue uzima wa milele. Kisiwa chote kikazama baharini. Wanawake, watoto, watu ambao hawakuwahi kupanda meli ya vita. Mwoga alikuwa mmoja, bili ikalipwa na kisiwa kizima.

Hiyo ndiyo hoja yangu, na ukishaiona huwezi kuacha kuiona. Kwenye fantasia, anayekataa kufa karibu kila mara hukataa kwa gharama ya mwili wa mtu mwingine. Voldemort alitaka kuigawanya roho yake vipande saba ndio asife, na kila kipande alichokificha kilihitaji auue mtu. Fikiria hesabu hiyo. Huwezi kupata hata siku moja ya ziada bila maiti. Halafu kwenye kitabu cha kwanza cha Harry Potter, 1997, kuna mzee Nicolas Flamel, ana miaka 665, ana jiwe linalompa maji ya uzima. Anapoona jiwe hilo litamrudisha Voldemort, yeye na mke wake wanakubali liharibiwe. Wanapanga mambo yao, wanajiandaa kuondoka. Hana pambano hata moja kwenye kitabu chote, lakini kwangu mimi mzee huyo ni shujaa. Aliangalia bili akaona si yeye atakayeilipa, akarudisha kikombe.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: "Na Twilight?" Poa, tuiongelee, kwa sababu ni moja ya hadithi chache maarufu ambapo uzima wa milele unashinda kabisa. Edward aligeuzwa vampaya mwaka 1918 akiwa na miaka 17, Chicago, wakati wa ile homa kali. Bella anamtaka, anataka kuwa kama yeye, na mwaka 2008 kwenye kitabu cha nne anapata: mume, mtoto, urembo, pesa, na muda usioisha. Familia ya akina Cullen hainywi damu ya watu, inakunywa ya wanyama. Safi. Hakuna aliyelipa, si ndio?

Nina mambo mawili. La kwanza ni dogo. Edward ana karibu miaka mia moja na bado anaenda shule ya upili. Akimaliza kidato, familia inahama mji, anaanza tena. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na watu wakaniambia nimepoteza maisha. Huyu jamaa ana uzima wa milele na anautumia kurudia darasa. Sawa.

La pili ni kubwa. Angalia serikali yao. Vampaya wanatawaliwa na Volturi, ukoo ulioketi kwenye mji wa Volterra kule Italia. Wametawala kwa zaidi ya miaka elfu moja. Wakuu ni wale wale. Hakuna uchaguzi, hakuna urithi, kwa sababu hakuna anayeondoka. Kuna wengine waliotawala kabla yao, wakapinduliwa, na hata wao bado wako hai wakisubiri kulipiza kisasi. Yaani mpaka upinzani ni ule ule! Na kwenye kitabu cha pili kuna tukio watu hulipita haraka kwa sababu wanawaza mapenzi. Bella na Edward wanatoka kwenye jumba la Volturi, na kwenye njia wanapishana na kundi la watalii wanaoingizwa ndani, wana kamera, wanashangaa majengo. Ndio chakula cha mchana. Wapenzi wetu wanaendelea na safari, nyuma yao kelele zinaanza. Watalii hao hawana majina. Hadithi inapoisha kwa furaha, Volturi bado wako pale, bado wanakula. Kwa hivyo bili ipo. Ni vile tu imepelekwa meza nyingine.

Na hata tuseme hakuna damu. Tuseme tumepata Waelfi kamili, hawamchinji mtu. Bado kuna malipo, na yanawahusu sisi vijana moja kwa moja.

Rudi kwa Swift. Nilisema alicheza rafu kwa kuwazeesha Struldbrugs, lakini kuna kitu alikiona ambacho waandishi wengi wa vampaya hawakukiona, nacho ni sheria ya mali. Kule Luggnagg, Struldbrug akifika miaka 80 anahesabiwa kisheria kuwa amekufa. Warithi wanachukua shamba, yeye anabakishiwa kidogo cha kujikimu. Hawezi kununua ardhi, hawezi kushika cheo. Kwa nini? Swift anaeleza kwamba bila sheria hiyo, watu wasiokufa wangeishia kumiliki nchi nzima na kushika mamlaka yote. Mwaka 1726! Mtu aliketi akajiuliza: ikiwa babu hafi, hati ya shamba inahamia kwa nani? Mkenya yeyote ambaye familia yake imewahi kugombania ekari mbili anajua hilo si swali la fantasia.

Waelfi wa Tolkien wana toleo la upole la tatizo hilo. Pete tatu za Waelfi kazi yake haikuwa kushambulia, ilikuwa kuhifadhi. Kule Lothlórien wakati wenyewe unaonekana kama umesimamishwa. Ni pazuri sana, na hakuna jipya linaloota. Tolkien, aliyewapenda Waelfi kuliko sisi sote, alisema wazi kwenye barua zake kwamba hilo lilikuwa kosa lao: walitaka kuishi kwenye dunia inayobadilika huku wakiizuia isibadilike. Ukiishi milele, kila badiliko ni msiba kwako, kwa sababu uliyakuta mambo yakiwa tofauti. Unageuka mlinzi wa makumbusho. Na kwenye makumbusho kijana ana ruhusa moja tu: angalia, usiguse.

Tumeambiwa sisi ni viongozi wa kesho. Wazazi wetu pia waliambiwa walipokuwa na umri wetu, na wengine wao wameshastaafu bila kuiona hiyo kesho. Na hiyo ni kwenye dunia ambako watu wanakufa! Sasa ongeza uzima wa milele hapo. Foleni isiyosonga, na wewe ndio umezaliwa leo, uko nyuma ya kila mtu aliyewahi kuzaliwa.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi wazee wafe. Nataka nyanya yangu aishi miaka 500 kama Elros. Ninachosifu ni kile Elros alifanya mwishoni: kutoa fimbo mkono ukiwa bado una nguvu ya kuitoa. Kuwa mtu wa kufa kunakulazimisha ujifunze hilo. Asiyekufa halazimiki, na mtu asiyelazimika kuachia ni wachache sana wanaoachia.

Kuna jambo moja zaidi, na hili nimelitoa nyumbani, pwani yetu. Fumo Liyongo, yule shujaa wa Pate na Shaka ambaye Muhamadi Kijuma wa Lamu alimwandikia utendi mwaka 1913, alikaribia kabisa kuwa mtu asiyekufa. Mkuki haukumdhuru, mshale haukumdhuru. Kitu kimoja tu kingemuua: kudungwa kitovuni na chuma cha shaba. Mtawala wa Pate alishindwa naye kila njia, mwisho akamtafuta mwana wa Liyongo, akamwahidi makuu. Kijana akamuuliza baba yake siri, baba akamwambia. Liyongo alipodungwa akajikokota hadi kisimani, akapiga goti, akavuta upinde, akafa akiwa hivyo hivyo. Watu wa mji wakaogopa kuteka maji kwa siku kadhaa wakidhani bado yu hai.

Tumezoea kumlaani huyo mwana, na anastahili. Lakini mimi humfikiria baba. Liyongo aliweza kumwamini mtu kwa sababu alikuwa na kitu cha kupoteza. Mtu ambaye hana sehemu hata moja ya kudungwa hana siri ya kumpa yeyote, na hakuna anachohatarisha akikwambia anakupenda. Ndio, imani hiyo ilimuua. Bado ningependa kuwa Liyongo kuliko Voldemort, ambaye aliziba matundu yote akabaki bila mtu hata mmoja duniani wa kumwambia ukweli.

Sasa tumalizie na Arwen, kwa sababu wengi mmemwona kwenye filamu lakini mwisho wake uko nyuma kabisa ya kitabu, kwenye nyongeza. Arwen ni binti wa Elrond. Alikuwa na haki ya kuishi milele, akaiacha ili aolewe na Aragorn. Wakaishi pamoja miaka 120. Aragorn alipofika miaka 210 akafanya kama wafalme wa zamani: akaaga, akamkabidhi mwanawe ufalme, akalala. Arwen alimwomba asiende bado. Na hapo Tolkien anamfanya akiri jambo zito. Anakiri kwamba maisha yake yote aliwadharau wale watu wa Númenor kama wapumbavu waovu, na kwamba ni sasa tu, akiangalia mume wake anaondoka, ndipo anawaelewa na kuwahurumia. Kama hii ndiyo zawadi, ni chungu kuipokea. Kisha akaenda Lothlórien, ambako Waelfi walikuwa wameshaondoka, akafa peke yake chini ya miti.

Hapo ndipo nilipolisamehe lile neno "zawadi". Tolkien hakumwambia mama wa rafiki yangu kwamba haitauma. Alimchukua kiumbe wake mrembo kuliko wote akamkalisha pale pale, kwenye kiti cha plastiki, na hakumpa kauli ya kumtuliza. Alisema inauma, na bado mume wake alifanya sawa kuachia.

Na si kwamba aliandika tu. Mke wake Edith alifariki mwaka 1971. Kwenye kaburi lake kule Oxford, chini ya jina lake, Tolkien aliagiza waandike "Lúthien", jina la Mwelfi wa kwanza kwenye hadithi zake kuacha uzima wa milele kwa ajili ya binadamu. Yeye alipofariki mwaka 1973, wakaandika "Beren", huyo binadamu. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kujiandikia mwisho wowote alijiandikia upande wa wanaokufa.

Kwa hivyo ukiniletea kile kikombe, nitauliza kwanza nani analipa. Ukiniambia hakuna, nitakuuliza mtoto anayezaliwa leo ataketi wapi. Ukinijibu hilo vizuri, rudi tuongee. Mpaka sasa, kwenye vitabu vyote nilivyosoma, sijakutana na anayenijibu.

Lakini yale malori yasiyo na taa tuyaondoe barabarani. Hilo halihitaji uchawi.

Wewe ungekunywa? Niambie, na uniambie pia bili ungempelekea nani.